Jini, Konyagi na cha Kuchanganyia

Ndugu msomaji, kuna kosa moja linalofanyika katika karamu nyingi za mijini, nalo hufanywa kwa nia njema kabisa. Mwenye nyumba hujinyima, akanunua chupa ya jini au ya konyagi kwa ajili ya wageni wake. Ifikapo saa ya kumimina, huchukua soda yoyote iliyo karibu, nyekundu, nyeusi au ya machungwa, akaijaza bilauri mpaka ukingoni. Mgeni hunywa sukari. Ladha iliyolipiwa kwa fedha ya jasho imezama, lakini kilevi kimebaki pale pale.

Leo basi tuzungumzie kinywaji gani cha kuchanganyia kinaifaa jini ya aina gani. Msomaji asiyekunywa pombe asiifunge kurasa hii, kwani sehemu kubwa ya yatakayosemwa itamfaa na yeye.

Tuseme kwamba tuko Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mfanyakazi mmoja wa reli anastaafu, na jamaa zake wameshuka kwa garimoshi kutoka Tabora kupitia Kaliua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji huyu aweke nini mezani?

JINI ZENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya jina. Jini tunayoizungumza si yule wa hadithi anayetoka katika chupa, ingawa hii nayo hutoka katika chupa na kuwapanda watu vichwani. Ni pombe kali iliyotiwa harufu ya tunda dogo la mti wa junipa wa Ulaya, ambao ni ndugu wa mwangati wa milima yetu ya Usambara. Harufu hiyo hufanana na ya utomvu wa msonobari. Kwa sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya, jini haipaswi kuwa na kilevi chini ya asilimia 37.5.

Aina zake kuu si nyingi. Ya Kiholanzi, iitwayo genever, ndiyo mama wa nyingine zote. Ni nzito na ina ladha ya nafaka. Ya pili ni ile kavu iitwayo London Dry, isiyo na utamu, na ndiyo inayoonekana zaidi madukani. Ya tatu ni Old Tom, jini ya mtindo wa zamani wa Uingereza, yenye utamu kidogo. Mwisho kuna jini za siku hizi zilizotiwa maua, maganda ya machungwa au matunda.

Nyumbani kwetu kuna konyagi. Zamani neno hilo lilikuwa jina la brandi, likitokana na Cognac ya Ufaransa. Lakini konyagi inayotengenezwa Dar es Salaam na Tanzania Distilleries si brandi. Hutokana na molasi ya miwa, ina kilevi asilimia 35, na ladha yake iko karibu zaidi na jini. Kwa hiyo yanayoifaa jini kavu, kwa kiasi kikubwa, yanaifaa konyagi pia.

KANUNI YA KUCHAGUA

Kanuni ni nyepesi: kinywaji kikavu hutafutiwa chenye uchungu au ukali, kinywaji kitamu hutafutiwa kisicho na utamu, na chenye harufu nyepesi hakipewi jirani mwenye kelele.

Jini kavu na toniki ni marafiki wa siku nyingi, kwa sababu uchungu wa toniki huisimamisha harufu ya junipa badala ya kuifunika. Kipande cha ndimu kinatosha kukamilisha. Old Tom, kwa kuwa ina utamu wake, haihitaji soda ya sukari. Ipewe maji ya soda yasiyo na ladha, pamoja na ndimu nyingi kidogo. Jini ya maua au matunda nayo ipewe maji hayo hayo ya soda, maana soda ya machungwa huimeza kabisa. Genever huelewana zaidi na tangawizi kuliko toniki.

Na konyagi? Ukali wake hutulizwa vizuri na soda chungu ya limau, au na tangawizi. Soda ya tangawizi ya madukani inafaa, ila ina sukari nyingi. Mwenye nafasi na atwange tangawizi mbichi, aichemshe, aichuje, aiache ipoe, kisha aongeze maji ya soda na ndimu. Gharama yake ni ndogo, na ladha yake inajitegemea.

UKWAJU NA ASALI

Sasa turudi kwa mwenyeji wetu wa Mpanda. Toniki huenda asiipate katika kila duka, lakini asisikitike, kwani anakaa katika mkoa wenye vitu viwili ambavyo wengine huviagiza kutoka mbali.

Cha kwanza ni ukwaju. Mkwaju ni mti wenye heshima yake huko. Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, upo mkwaju ambao wenyeji husema ndimo anamokaa mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale, ambaye hifadhi imepewa jina lake. Watu hupeleka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Sisi hatuendi kuchuma pale. Ukwaju wa sokoni unatosha. Loweka robo kilo katika lita moja ya maji ya moto kwa muda wa saa moja, fikicha, chuja, kisha chemsha tena kidogo na uache upoe. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu, na rangi yake inapendeza katika bilauri.

Cha pili ni asali ya misitu ya miombo, hasa ile inayotoka upande wa Inyonga. Asali haiyeyuki vizuri katika maji baridi. Iyeyushe kwanza katika maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, ndipo uitie katika ukwaju kijiko kwa kijiko, ukionja. Simamisha mkono kabla uchachu haujapotea. Kumbuka pia kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo.

Mchanganyo huu wa ukwaju, asali na tangawizi, ukiongezwa maji ya soda, unaifaa konyagi kuliko soda nyingi za chupa. Bila konyagi, unamfaa kila mtu mwingine katika sherehe.

TONIKI SI DAWA

Hapa, ndugu msomaji, lazima tusimame. Katavi ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria bado inasumbua, na wapo watu wanaoamini kwamba bilauri ya jini na toniki huzuia homa hiyo. Imani hiyo ina asili yake. Uchungu wa toniki ni wa kwinini, dawa itokanayo na gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Wajerumani waliujaribu mti huo Amani, Usambara, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika umelimwa kwa wingi huko Kivu. Waingereza waliokuwa India katika karne ya 19 waliinywa kwinini kama kinga, wakaongeza sukari, maji na jini ili uchungu upite kooni.

Lakini toniki ya leo ni kiburudisho tu. Marekani, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja. Mtu mzima mwenye kilo 60, alipotibiwa malaria kwa kwinini, alihitaji kiasi cha miligramu 1,800 kwa siku. Kuipata dawa hiyo katika toniki, angelazimika kunywa zaidi ya lita 20 kila siku, kwa muda wa siku saba! Mwenye homa na aende kupimwa damu, apewe dawa mseto. Kila siku anayoipoteza akijitibu kwa bilauri ni siku anayoupa ugonjwa nafasi, na akiwa mtoto, siku moja inaweza kuwa nyingi mno.

KIPIMO

Kuchanganya hakupunguzi kilevi kilichokwisha kumiminwa. Hubadilisha ladha tu. Chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200 ina mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Maana yake, chupa ile inayoingia katika mfuko wa koti inakaribia bia 3. Anayeimaliza katika soda tamu hajisikii amekunywa, mpaka anaposimama.

Kwa hiyo mwenyeji apime kwa toti, asimimine kwa macho. Toti moja ya mililita 30 kwa sehemu tatu za kuchanganyia ni kipimo cha adabu, na mgeni atapata ladha yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wengi hupenda kuchanganyia siku hizi, viachwe kabisa. Kafeini iliyomo humfanya mlevi ajione mzima, naye akaongeza, au akapanda pikipiki. Gongo, ambayo sheria inaikataza, haisafishwi na ukwaju wala ndimu. Ikiwa na methanoli hupofusha na kuua, hata ichanganywe na nini. Mama mjamzito na dereva wapewe ukwaju mtupu.

Hapo ndipo penye siri ya meza njema. Mwenyeji aanze na jagi la ukwaju na la tangawizi, ayatengeneze vizuri kana kwamba hakuna pombe kabisa. Chupa aiweke kando, pamoja na toti yake. Bibi aliyetoka Tabora, mtoto wa shule na mstaafu mwenyewe watashika bilauri zinazofanana, wapongezane pamoja, na hakuna atakayejiona amesahauliwa. Kinywaji cha kuchanganyia kisichofaa kunywewa peke yake, hata jini haitakiokoa.

Tukutane tena Jumapili ijayo.