Faini ya bodaboda haijengi barabara ya Kibakwe

Bodaboda wa Kibakwe anayekamatwa bila kofia ngumu, gunia la mahindi likiwa limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, hulipa faini ya Serikali Kuu. Fedha hiyo haiingii Halmashauri ya Wilaya ya Mpwapwa. Askari wa usalama barabarani yuko chini ya Jeshi la Polisi, nalo si la diwani. Hufanya kazi kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kumlaumu diwani kwa faini ni kumwonea.

Mwaka 2021 Bunge lilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ulikuwa uamuzi wa haki: shilingi 30,000 zingeweza kumeza kipato cha siku kadhaa.

Ushuru wa mazao ndio wa halmashauri. Tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha si zaidi ya tani moja kwenda wilaya nyingine hatozwi. Hapo ndipo diwani anapaswa kubanwa: kimekusanywa kiasi gani, na kimetumika wapi?

Barabara nazo ni habari nyingine. Tangu 2017 zile za wilaya ziko mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), hivyo malalamiko ya makorongo na madaraja yapelekwe kwa meneja wake wa wilaya, na nakala kwa mbunge anayepitisha bajeti.