Tasnifu ya Binti na Siri za Majirani



Mwezi uliopita, baada ya sala ya laasiri, tulijiwa na mama mmoja pamoja na bintiye. Binti yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, asoma elimu ya jamii, na tasnifu yake ni juu ya maisha ya wanawake walioachwa, baada ya eda zao kwisha. (Wadhaniao kuwa elimu hii ilianzia Ulaya na wamsome Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377.) Amewahoji wanawake 12 wa mtaani, ambao wengi wao wamemwona akitambaa.

"Sheikh," mama akatuuliza, "huku si kusengenya kwa kalamu? Wametaja mambo ya waume zao humu."

Swali hili si dogo. Ghiba ni kumtaja nduguyo kwa alichukialo, hata likiwa kweli. Lakini Imamu Nawawi ametaja sababu sita zinazoihalalisha, na mojawapo ni kutaka fatwa. Hind bint Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshitaki mumewe, Abu Sufyan, kuwa ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na mwanawe. Mtume hakumnyamazisha, alimwambia achukue kiwatoshacho kwa wema. Pamoja na hayo, Nawawi aona ni salama zaidi muulizaji aseme "mume wa hali kadha wa kadha" bila ya kumtaja. Tasnifu si fatwa, twajua. Lakini adabu yake twaiona ni hiyo hiyo.

Binti akasema kwa furaha kuwa majina yote ameyabadilisha. Tukafungua ukurasa mmoja, tukasoma: mshona kofia, mama wa mapacha, aliyeachwa na nahodha hali ana mimba. Hatujamaliza sentensi, mama akamtaja mwenyewe kwa jina na kwa nyumba anayokaa. Binti akainamisha kichwa. Katika mji mkubwa jina laweza kumficha mtu; mtaani petu mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake.

Tukamshauri arejee kwa kila mmoja, amsomee yaliyoandikwa juu yake, na amwache aseme lipi libaki. Alilia kidogo, kwani siku za kukabidhi kazi zilikuwa zimekaribia, na msimamizi wake alikwisha kuikubali hesabu ya 12. Alikwenda hata hivyo.

Mshona kofia alimwambia: "Mapacha waondoe, mwanangu, na nahodha muondoe. Lakini nilivyonyimwa masurufu hata nikauza bangili zangu, hilo liache. Hilo nataka lisomwe."

Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akaomba atolewe kabisa. Hakueleza sababu, na binti hakumwuliza.

Tasnifu imekabidhiwa ikiwa na wanawake 11. Katika mlango unaoeleza njia za utafiti, binti ameandika kwamba wa 12 alijitoa kwa hiari yake, na kwamba maneno yake yamefutwa yote.