Dada Kaacha Taroti Kahamia Karata: Poa Sana, Ila Huyu Bibi wa Shupaza Tumwangalie Vizuri

Wadau, mmeiona ile ya juzi? Yule dada wetu wa hapa Tabora, simtaji jina maana wenye macho mmeshamjua, ametangaza kwamba baada ya miaka sita ya taroti anaweka pembeni zile kadi zake za picha na kuanza kusoma karata. Karata hizi hizi za kijiweni, zinazopigwa chini ya mwembe huku watu wanabishana Simba na Yanga.

Basi watu wakamshukia. Kafulia. Kadi zake zimechakaa, hana hela ya kuagiza nyingine. Kashuka daraja, kutoka mambo ya Ulaya mpaka mambo ya lasti kadi.

Mimi niko upande wake. Kuna sehemu moja tu simuungi mkono, na kwa kweli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, ila tuanze na hili la kushuka daraja maana linaniudhi.

Taroti yenyewe ilianza kama mchezo wa karata. Kaskazini mwa Italia, miaka ya 1400, watu wenye nafasi zao walikuwa wanakaa mezani wanacheza kama mnavyocheza arubastini. Zile kadi 22 kubwa, Mpumbavu, Mnara, Mwezi na wenzake, kazi yake ilikuwa kula kadi nyingine. Waliziita trionfi. Mreno akawa na neno lake la ukoo huo, trunfo, akalishusha pwani yetu, na sisi tukalifanya turufu. Kwa hiyo kila gazeti linapoandika kwamba mwanasiasa fulani "kacheza karata ya turufu", linatumia binamu wa jina la kwanza kabisa la taroti bila kujua.

Na mambo ya kutabiri? Mfaransa aliyejiita Etteilla alitoa kitabu cha kusoma karata za kawaida, zile za kadi 32, mwaka 1770. Taroti aliigeukia baadaye, baada ya Mfaransa mwenzake kuja na stori mwaka 1781 kwamba taroti ni hekima ya Misri ya kale. Stori tamu, ushahidi hakuna. Kwa hiyo anayesema karata ni mdogo wake taroti kwenye kazi hii, kitabu cha Etteilla kinamkatalia.

Sasa njoo kwenye kitu kilichonifanya niruke kitandani usiku. Mimi pia najifunza karata tangu mwaka jana, na taroti nimeishika miaka kadhaa kabla ya hapo. Ukifungua mafunzo ya Kiingereza kuhusu kuhama kutoka taroti kwenda karata, utakuta wanabishana: ile almasi ni sarafu au ni fimbo? Yale maua matatu ni nini? Kila mwalimu na lake. Mswahili hana haja ya ugomvi huo, maana majina yetu yametoka kwa Mreno na Mreno alibaki na majina ya zamani. Kopa ni copas, vikombe. Shupaza ni espadas, mapanga. Pau ni paus, fimbo. Uru ni ouros, dhahabu. Vikombe, mapanga, fimbo, sarafu za dhahabu! Hizo ndizo familia nne za taroti, zimekaa kwenye lugha yetu tangu enzi za Wareno pwani, ambao walifika 1498 na kunyang'anywa Ngome ya Yesu pale Mombasa 1698. Mzungu anaangalia alama ya shupaza anaona sepeto. Wewe ukilitaja jina tu umeshalishika panga.

Najua vijiwe vingine siku hizi wana majina yao mengine. Ulizeni wazee.

Hesabu nayo iko wazi. Taroti kadi 78, karata 52. Toa zile turufu 22, zinabaki 56. Toa mpanda farasi mmoja kila familia, umefika 52. Hivyo tu. Dada hajaanza darasa la kwanza, amevua koti.

Ila koti lilikuwa zuri, tusidanganyane. Ile seti ya taroti mnayoiona kila mahali kwenye TikTok ilitoka 1909, na mchoraji wake, Pamela Colman Smith, alichora picha kwenye kila kadi, mpaka zile ndogo. Alilipwa kiduchu, hilo tutalisema siku nyingine. Picha zinakubeba. Ukivuta mnara unaungua na watu wanadondoka, hata mtoto ataelewa. Sasa vuta saba ya pau. Unaona alama saba nyeusi. Basi! Miezi ya kwanza unahisi kama umezimiwa taa.

Halafu taratibu unaanza kuona. Familia inakwambia habari ni ya nini, namba inakwambia imefika wapi, na jirani yake anakwambia inaelekea wapi. Karata moja peke yake haina maneno mengi, mbili zikikaa pamoja zinaanza kunong'ona. Na kuna jambo limetokea kwa dada ambalo waliomtukana hawajaliona. Wakati wa taroti alikuwa anaongea kama filamu iliyotafsiriwa: enaji yako, ulimwengu unakuletea, jiachie upokee. Juzi mubashara, kavuta uru na shupaza, kasema: "Hapa kuna hela, ila hela yenyewe ina maneno." Kiswahili cha watu! Mama yangu alikuwa anapita sebuleni, akasimama.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Taroti kwa Kiingereza hapa Tabora ilikuwa ni burudani ya watu wa bando. Ukiisoma kwa Kiswahili cha watu, kwa karata ambazo kila nyumba inazo, hiyo sasa inaitwa ramli, na ramli kwenye njia hii ina historia ndefu kuliko TikTok.

Kabla ya reli kufika hapa 1912, kulikuwa na miguu. Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani wakarudi na nguo, shanga na lugha tunayoandikiana humu. Na misafara haikuwa inaondoka hivi hivi. Kulikuwa na mganga wa kuangalia: njia ina heri au haina? Tuondoke leo au tusubiri? Unyamwezini mfumu alimpasua kifaranga akasoma ndani yake. Kutoka pwani ikaja ramli yenyewe, jina la Kiarabu lenye maana ya mchanga, na nukta zake zinazopangwa mistari minne minne mpaka zinapatikana sura 16. Nendeni Kwihara pale nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone, mkae kivulini mfikirie ni watu wangapi walipita maeneo yale wakiwa wameshaambiwa safari yao itakuwaje.

Maswali ya safari, ya mvua, ya mzigo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni swali moja: nani?

Juzi hiyo hiyo, mubashara, kuna mtu aliuliza biashara yake imefungwa na nani. Dada akazichanga, akagawa, akafunua bibi wa shupaza. Akasema: mwanamke mtu mzima, anaishi peke yake, yuko karibu na nyumba yenu. Yule mtu akaandika kwa kifupi, "Namjua."

Wadau, mwili ulinisisimka.

Najua dada hakutunga. Vitabu vya zamani vya Ulaya ndivyo vinavyosema: bibi wa shupaza ni mjane, mwanamke mtu mzima mwenye nia mbaya. Pushkin wa Urusi aliandika hadithi nzima yenye jina la kadi hiyo, ikatoka 1834, na ndani yake bibi kizee anakufa kwa hofu baada ya kijana kumnyooshea bastola akitaka siri ya karata. Ni hadithi. Huku kwetu siyo hadithi. Tabora, Shinyanga, Mwanza, Geita, akina bibi wamekatwa mapanga usiku kwa sababu mtu aliulizwa "nani?" akajibu. Mara nyingi wajane. Mara nyingi wanaishi peke yao. Macho mekundu ya kupikia kuni na vinyesi vya ng'ombe miaka arobaini, hayo yakawa ushahidi. Tunalo mpaka jina la kazi hiyo, ramli chonganishi. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, enzi za Mwingereza, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Nasikia mtu anasema, aah, hii ni burudani tu, hakuna atakayeshika panga kwa sababu ya TikTok. Wewe unayeangalia ukiwa Sinza ni burudani. Mwenye duka lililododa huko kijijini, ambaye tayari anamshuku jirani, haangalii burudani. Anatafuta wa pili wa kukubaliana naye.

(Wale mnaosema ni shirki au ni dhambi na liishe, nimewasikia, na wengi mna hoja. Lakini vijana wanazivuta kila siku, kwa hiyo naongea na wanaovuta.)

Ombi langu kwa dada ni dogo. Abaki na karata zake, aendelee kutufundisha uru na kopa. Ila juu ya meza aweke kibao: hapa hatujibu "nani". Uliza nifanye nini. Uliza niondoke lini, kama wapagazi. Uliza hii hela ina maneno gani. Akifunua bibi, mfalme au ghulamu, amsome kama tabia ya muulizaji mwenyewe au kama msaada unaokuja, asimpeleke nje kuwa mtu wa nyumba ya tatu. Kwenye taroti wengi wanasoma hivyo tayari, na yeye alikuwa anasoma hivyo miaka yote sita, kwa hiyo siombi kitu kipya. Naomba asikiache kule pamoja na koti.

Na ile video aifute. Leo, siyo kesho. Kisha amtafute yule aliyeandika "Namjua", aongee naye kwa simu, sauti kwa sauti.

Mimi daftari langu la karata nimelirekebisha usiku ule ule. Bibi wa shupaza nimemwandikia hivi: mtu mzima anayejua jambo, mwendee umuulize, na ukienda beba sukari. Ree ya shupaza bado sijaiandikia kitu.