SEHEMU YA 6: BABA WA MTOTO AMETOKA GEREZANI. TUNAFANYAJE?

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na dozi ya TB. Nitaifikia humu humu, lakini leo nitapita njia nyingine kidogo. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuniandikia maoni.

Juzi kliniki alikuja mama na mtoto wa miezi 9, amekuja kwa chanjo ya surua. Tunapima uzito, kilo 6 na nusu. Naangalia kadi, mstari umeanza kulala tangu mwezi wa 6. Nikamuuliza mtoto anakula nini. Akasema uji wa sembe mtupu, mara mbili, siku nyingine mara moja. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akainamisha kichwa: "Yuko ndani, nesi. Mara ya pili."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Akitoka tena, nimpokee?"

(Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Siri ya mgonjwa ni siri.)

Nilipomuuliza mumewe ni nani, nikamkumbuka. Mwaka juzi alikuja kwangu na msumeno wa kuazima. Kitanda cha watoto kilikuwa kimevunjika mguu, jirani akamwelekeza. Alikuwa ametoka gerezani kama mwezi mmoja, alihukumiwa miaka 3 kwa wizi, akapunguziwa theluthi kama sheria inavyosema. Kule ndani walimweka karakana ya useremala. Akaniambia mwenyewe, hakuficha: "Dada, mimi nimetoka gerezani, lakini kazi naijua."

Nilimjibu kwamba fundi wangu anakuja kesho. Sikuwa na fundi. Niliogopa tu. Kitanda kikakaa hivyo hivyo kwa wiki tatu, tumekiegemeza kwa tofali.

Sisemi mimi ndiye niliyemrudisha gerezani. Aliiba betri ya sola ya mtu, na mwenye betri naye ana watoto waliolala gizani. Kosa ni lake. Lakini nimejiuliza: kabla ya ile betri, alipiga hodi kwenye milango mingapi kama wa kwangu?

Sasa tuongee.

Sisi wa ukanda huu tunajua kazi inayompokea kila mtu bila kumuuliza chochote ni moja: machimbo. Kwenye duara hakuna anayekuomba cheti wala barua ya mtendaji. Ukiwa na mikono na hauogopi kushuka, unashuka. Ndiyo maana vijana wengi wakitoka gerezani hawakai nyumbani hata wiki, wanapitiliza kwenye mashimo. Shida ni kwamba mshuka shimoni mara nyingi hana mshahara. Mnagawana mawe mkiyapata. Msipoyapata miezi mitatu, mmekula kwa mkopo miezi mitatu. Mkiyapata, hela inakuja usiku mmoja, na pembeni kuna pombe na wale wale aliokuwa nao kabla hajafungwa. Mtu anayejaribu kubadilika, tumemwachia mlango mmoja, na mlango wenyewe ndio huo.

Huko ndani kazi zipo, tena nyingi. Wafungwa wetu wanalima, wanafuga, wanafyatua matofali. Gereza la Karanga kule Moshi linajulikana kwa viatu vya ngozi, na Magereza wakashirikiana na mfuko wa PSSSF kujenga kiwanda kikubwa. Mbeya kuna chuo cha ufundi cha Ruanda kinachofundisha wafungwa. Kwa hiyo wanaosema wafungwa wanakaa tu wanakula bure, si kweli.

Lakini kazi ina aina mbili. Mwezi Julai 2018 Rais Magufuli alisema ni aibu nchi kuendelea kuwalisha wafungwa, wafanye kazi wajilishe wenyewe. Wengi tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Sasa hivi nauliza swali la pili: akishajilisha, anatoka na nini mkononi? Kulima kwa jembe la mkono miaka 2 kunalisha gereza, ila hakumfundishi kijana wa Ushirombo kitu ambacho hakukijua tangu darasa la tatu. Kushona kiatu, kuchomelea geti, kutengeneza meza, kusoma na kuandika, hivyo anatoka navyo. Ya kwanza inapunguza gharama ya leo. Ya pili inapunguza idadi ya watakaorudi kesho.

Na hili si maneno ya nesi tu. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu elimu na mafunzo ya ufundi magerezani. Waliopata mafunzo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudia makosa, kwa asilimia 43, kuliko ambao hawakupata. Kwa lugha ya sokoni: kwenye kila watu 100, waliorudi gerezani walipungua kama 13. Na kila dola 1 iliyowekwa kwenye elimu hiyo iliokoa dola 4 mpaka 5 ndani ya miaka 3, kwa sababu kumfunga mtu tena ni gharama. Ni kweli Marekani si Bukombe. Na inawezekana wanaokubali kusoma ni wale ambao tayari walitaka kubadilika. Lakini hata hao, ukiwanyima darasa, watabadilikia wapi?

Mfano wa hapa jirani ni Susan Kigula wa Uganda. Mwaka 2002 alihukumiwa kifo kwa mauaji. Akiwa gereza la Luzira alisoma sheria kwa masafa, Chuo Kikuu cha London. Jina lake ndilo liko kwenye ile kesi ya wafungwa zaidi ya 400 waliopinga adhabu ya kifo, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubali kwamba adhabu hiyo isiwe ya lazima, hakimu apime kila kesi. Kesi yake ikasikilizwa upya, akapewa miaka, akatoka 2016. Sijasema kosa lilikuwa dogo. Nasema aliingia mtu mmoja, akatoka mwingine, na kilichokuwa katikati ni daftari.

Haya, turudi kwenye TB kama nilivyoahidi.

Mgonjwa wa TB ya kawaida anameza dawa miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo dawa ni nyingi, halafu miezi 4 zinapungua. Baada ya wiki chache anajisikia vizuri, kikohozi kimeisha, anaanza kunenepa. Hapo ndipo pa hatari. Akiacha, TB inarudi, na inaweza kurudi ikiwa sugu. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa kumezea dawa nyumbani tunataka awe na msimamizi: mke, mama, kaka, jirani, yeyote atakayemwona akimeza kila siku. Jina linaandikwa. Akikosa kuja, tunajua nani wa kuulizwa.

Sasa mtu anayetoka gerezani, msimamizi wake ni nani? Kamaliza "dozi ya ndani", geti linafunguliwa, anaambiwa nenda. Hana kitambaa cha seremala, hana msumeno, hana cheti, na mtaani jina lake limeshakuwa "yule mwizi". Tarehe 9 Desemba 2019, pale CCM Kirumba Mwanza, Rais alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Siku ile nilifurahi kwa ajili ya mama zao. Lakini kila mmoja wa wale alikuwa na safari ya kurudi kijijini kwake, na kule kijijini kuna mtu kama mimi, aliyesema fundi wake anakuja kesho.

Najua mtakachoniambia. "Nesi, wewe unatetea wezi, hujaibiwa." Nimeibiwa. Na nimeshona vichwa vya watu waliokatwa panga kwa sababu ya simu ya elfu hamsini. Nimepokea pia vijana waliopigwa na wananchi wenye hasira mpaka mama yake akashindwa kuitambua sura. Naona pande zote mbili kwenye wodi moja, vitanda vinafuatana. Sina ugonjwa wa kuwapenda wahalifu. Ninachotaka ni wagonjwa wa panga wapungue, na hawapungui kama mtu yule yule anaingia na kutoka gerezani kama daladala stendi.

Na wazee wetu walilijua hili. Sungusungu ilianzia hapa hapa upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa kali, tena kuna mahali ilivuka mpaka, siipambi. Mtu alitengwa, hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Lakini akilipa faini yake, alirudi kwenye kundi. Adhabu ilikuwa na mwisho. Sisi wa leo tumempa mahakama kazi ya kuhesabu miaka, halafu tukajipa wenyewe kazi ya kuongeza mingine isiyo na tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya.

La kwanza, aliyejifunza ufundi gerezani atoke na cheti. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi nje ya chuo na kumtambua. Utaratibu huo uwafuate wafungwa kabla hawajatoka, na kwenye cheti iandikwe "seremala", basi. Mteja anataka kujua kama meza itasimama.

La pili, kila anayetoka awe na msimamizi mwenye jina. Wizara ya Mambo ya Ndani ina Idara ya Huduma za Uangalizi, na halmashauri zina maafisa ustawi wa jamii. Wapewe watu na mafuta ya pikipiki ili waweze kumfuata mtu kijijini miezi 6 ya mwanzo, kama tunavyomfuata mgonjwa aliyekosa dawa.

La tatu, makosa madogo yasipitie gerezani kama si lazima. Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002. Aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupewa kazi za umma bila malipo, akarudi kulala kwake. Ukimwona mtu anafyeka majani nje ya hospitali kwa utaratibu huo, usimvute mtoto wako kwa kishindo kana kwamba umeona nyoka. Yule anatumikia adhabu yake mbele ya macho yako, na jioni anapeleka unga nyumbani.

La nne ni letu, wenye nyumba na vitanda vilivyovunjika mguu. Sikuambii umpe ufunguo. Anza na kazi ndogo: stuli moja, mlango wa banda la kuku. Mchana, nje, watu wakiwepo. Mkubaliane bei kabla, nunua mbao wewe mwenyewe, mlipe akimaliza, siku hiyo hiyo. Usimpe hela ya kianzio na usimkopeshe. Akifanya vizuri, mwambie jirani kwa sauti. Sauti ya mama mmoja sokoni kwetu inafanya kazi kuliko cheti.

Na mipaka ipo. Aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto, simwiti kwenye nyumba yenye watoto. Kazi atafutiwe, lakini mbali nao, na mwenye kumsimamia awepo. Hilo halina mjadala kwangu.

Sasa lile swali la mama wa kliniki. Nilimpa kwanza lililo langu: mtoto tumemwandikisha lishe, uji uwekewe karanga na dagaa wa kusaga, arudi baada ya wiki 2 tumpime. Kuhusu mumewe nilimuuliza jambo moja: "Alikuwa anakupiga?" Kama angesema ndiyo, ningemwelekeza dawati la jinsia na watoto pale polisi, na jibu langu lingekuwa jingine, maana gereza halimfundishi mtu kuacha kupiga. Akasema hapana, hajawahi. Alikuwa anakosa kazi, anakaa, anakasirika, anaondoka.

Nikamwambia kumpokea ni uamuzi wako, mimi siwezi kukuamulia. Ila akitoka, mwambie aje kwangu. Kile kitanda tulikuja kumpa fundi mwingine, akakipiga misumari vibaya, na sasa kinalia kila mtoto akigeuka.

Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake.

Kwenye maoni, niambieni kweli: ungemfungulia mlango au ungesema fundi wako anakuja kesho? Msitaje jina la mtu yeyote, tafadhali. Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu uji wa lishe wa bei nafuu, vipimo kwa vijiko, kwa sababu nimeona wengi mmeuliza.

Usiku mwema. Angalia kadi ya mtoto kabla hujalala.