Harvard na Mkopo wa Riba: Tujue Nini Kabla ya Kuomba?

Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwaka huu tunapenda kuzungumza na wanafunzi wetu wakubwa, hasa walioko kidato cha tano na cha sita na wale walioingia vyuo vikuu, pamoja na wazazi wao. Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara juu ya vyuo vikubwa vya biashara vya ng'ambo, na jina linalotajwa zaidi ni Harvard. Wapo wanaouliza kama inajuzu, na wapo wanaouliza kama inawezekana. Sisi tunaona swali zito zaidi ni hili: kijana atalipa kwa pesa gani, na pesa hizo zitamfunga wapi baadaye?

Kwanza tuondoe dhana moja. Chuo cha Biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908 na kilichoko mjini Boston, Marekani, si mahali pa kukimbilia mara tu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Hakina shahada ya kwanza. Kinachokipa jina ni shahada ya uzamili ya biashara, ile ijulikanayo kwa herufi MBA, ya miaka miwili, na wengi wanaoingia wameshafanya kazi kiasi cha miaka minne au mitano. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote, ikiwa ya uhandisi, ya kilimo au ya uuguzi. Kuna pia njia iitwayo 2+2, ambayo mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza huomba mapema, kisha akikubaliwa huenda kazini kwanza angalau miaka miwili ndipo aingie. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa miaka 18 ana muda wa kutosha wa kupanga, na muda huo ni neema.

Maombi hutumwa na mwombaji mwenyewe: matokeo ya mtihani wa GMAT au GRE, insha, barua mbili za watu wanaomjua kikazi, na ada ya maombi ambayo kwa kawaida ni dola 250. Wanaoteuliwa huitwa kwenye usaili. Akija mtu barazani kwenu akasema ana mlango wake Harvard na anataka pesa ya kuusukuma, mpeni chai na mumuage kwa heri.

Sasa tuje kwenye ada, maana hapa ndipo wengi hujifumba macho. Ada ya masomo peke yake imeshapita dola 75,000 kwa mwaka. Ukiongeza nyumba, chakula, bima ya afya na vitabu, mwaka mmoja unapita dola 110,000, na hiyo ni miaka miwili. Ni kweli kwamba chuo hutoa msaada, na msaada huo hutolewa kwa kutazama uwezo wa mwombaji, si alama zake. Karibu nusu ya wanafunzi huupata. Mwaka 2022 chuo kilitangaza kwamba wenye uhitaji mkubwa kabisa, kiasi cha asilimia 10 ya wanafunzi, watasamehewa ada yote ya masomo. Basi mtoto wa mvuvi asiogope kuomba kwa sababu ya umaskini wa baba yake. Lakini gharama za kuishi hubakia, na kwa wengi hubakia pia sehemu ya ada. Pengo hilo wanafunzi wengi huliziba kwa mkopo, na mkopo wa kawaida wa Marekani ni mkopo wa riba.

Tupige hesabu ya mfano. Kijana akope dola 100,000 kwa riba ya asilimia 8 na alipe kwa miaka kumi. Kila mwezi atatoa dola 1,213 hivi. Mpaka amalize atakuwa ametoa zaidi ya dola 145,000, yaani zaidi ya dola 45,000 juu ya alichokopa. Kwa shilingi zetu, malipo ya kila mwezi ni kama milioni tatu. Ni kazi gani hapa kwetu itamlipa kijana kiasi cha kutoa milioni tatu kila mwezi, na abaki na cha kula, cha kodi ya nyumba na cha kumpa mama yake? Wahitimu wa chuo hicho wa mwaka 2024 walioajiriwa walikuwa na mshahara wa kati wa dola 175,000 kwa mwaka, lakini mishahara ya namna hiyo hutoka zaidi kwenye makampuni ya fedha, ya ushauri na ya teknolojia katika miji mikubwa ya kwao. Kijana aliyeandika katika insha yake kwamba atarudi kufufua zao la mwani au karafuu, deni litamshika shati. Atasema mwaka mmoja tu, kisha miwili. Hatumlaumu, lakini tunataka alijue hilo kabla hajatia saini.

Suratul Baqara, ambayo ndani yake riba imeharamishwa kwa maneno makali, ndiyo hiyo hiyo yenye aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inahusu kuandikiana deni. Dini yetu haikuchukia biashara wala haikukataza kukopa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alisafiri na mali ya Bibi Khadija (R.A.) kabla ya utume. Tunajua kwamba wapo wanazuoni wa zama hizi waliotoa ruhusa ya mkopo wa masomo wenye riba kwa anayedharurika asiye na njia nyingine. Rai yetu ni kwamba MBA ya Harvard si dharura. Ni kheri kwa anayeifikia kwa njia safi, na asiyeifikia hakupungukiwa na dini wala riziki. Wenzetu wanaoona tumekaza kamba sana, milango ya mjadala iko wazi.

Njia safi zipo, ingawa ni nyembamba. Uingereza ina ufadhili wa Chevening kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja, unaohitaji uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani. Kwa MBA ufadhili huo una kikomo cha ada, kwa hiyo soma masharti vizuri. Stanford ina Knight-Hennessy, iliyopokea kundi lake la kwanza mwaka 2018. Ipo pia njia ya kufanya kazi, kuweka akiba na kuomba chuo cha ada nafuu zaidi. Hata serikali husikia: Tanzania mwaka 2021 iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, tozo iliyowasumbua Waislamu wengi.

Jambo jingine ni darasa lenyewe, na hapa tuseme na walimu wenzetu pia. Harvard hawafundishi biashara kwa mhadhara. Wanafunzi 90 hivi hukaa duara, wamesoma usiku kisa cha kampuni fulani iliyokwama, na mwalimu humgeukia mmoja: wewe ungefanyaje? Katika masomo mengi karibu nusu ya alama hutokana na kusema darasani. Watoto wetu tumewalea kunyamaza mbele ya mwalimu. Adabu ni nzuri, lakini Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa, alisomesha kwa kuweka mas'ala mbele ya wanafunzi wake wakajadiliana naye mpaka jambo likawa wazi. Kumbe kujadili ni urithi wetu. Tunashauri darasa la fiqhi la wakubwa liwe na siku moja kwa wiki ya namna hiyo.

Kuhusu ibada, Boston ina misikiti, na Harvard ina imamu wa wanafunzi Waislamu. Ugumu uko kwenye saa. Mwezi wa Disemba Adhuhuri huingia kabla ya saa sita mchana na jua huzama kiasi cha saa kumi na robo, na kipindi kimoja cha darasa ni dakika 80. Jioni wanafunzi hukutana kufahamiana na pombe ikiwa mezani. Anayejua kusema hapana kwa tabasamu, na akabaki kuzungumza, hatapoteza marafiki.

Mwisho, viza. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kukizuia Harvard kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikasimamisha amri hiyo. Masharti hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Wanaotaka kuomba waje ofisini Jumamosi baada ya Alasiri, pamoja na mzazi, na waje na karatasi ya hesabu: kilichopo, kinachotarajiwa, na pengo. Wabillahi tawfiq.