SAA MOJA YA NANI?



Tumechoka kuambiwa ya kwamba kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa ndege ni mwendo wa saa moja tu. Ratiba zasema hivyo, na mabwana wa kampuni huturudishia maneno hayo kila tunapokaa nao mezani kudai malipo ya saa za ziada. Safari ni ya saa moja, wasema, ninyi mwadai saa kumi za nini?

Basi na tuitazame hiyo saa moja. Toka Embakasi mpaka uwanja wa Mombasa kule Port Reitz, kwa mstari ulionyoka, ni kama kilomita 420, yaani maili 260 hivi. Kwa barabara ni karibu kilomita 480. Ndege ya jeti hukaa hewani kama dakika 45. Dakika zilizobaki ni za kutambaa ardhini, kwa sababu saa ya safari huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, nayo huisha inaposimama tena. Vizuizi vya magurudumu vikitolewa, saa imeanza. Vikirudishwa, saa imekwisha.

Na ni nani avitoaye? Nani huvirudisha? Ni mfanya kazi! Mkono wake ndio unaoifungua saa ya abiria na kuifunga, lakini saa zake mwenyewe hazimo katika hesabu. Ndege ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mpakia mizigo, mtia mafuta na mfagiaji wamekwisha kuamka saa nane za usiku, wakatoka Mukuru au Pipeline gizani, kwa miguu, kwa kuwa gari la kampuni haliwafikii. Jioni ndege ikichelewa, abiria huombwa radhi na kupewa chai. Mpakiaji huambiwa angoje. Kungoja huko hakuna anayekulipa, ingawa ukiondoka hata kidogo utaandikiwa barua.

Hata uwanja wenyewe una habari yake. Embakasi ilifunguliwa mwaka 1958, na waliotoa jasho pale walikuwa wafungwa na mahabusi wa wakati wa Mau Mau, wakichimba na kubeba mawe kwa mikono huku askari wamesimama juu yao. Saa za watu wale hazikuandikwa katika ratiba yo yote. Lakini sisi si mahabusi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka saa za kazi ziandikwe katika mkataba, na mtu apewe siku moja ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku saba. Wangapi kati yetu wameuona mkataba wenye saa hizo?

Watasema tukilipwa, tikiti itapanda. Mafuta yalipopanda, tikiti ilipanda pia, wala hatukusikia kampuni ikimwambia mwenye mafuta kwamba safari ni ya saa moja tu!

Kwa hiyo kila mwanachama wa uwanjani, Nairobi na Mombasa, anunue daftari. Aandike saa aliyotoka nyumbani, saa aliyotia sahihi kazini, saa aliyoruhusiwa kwenda, na ndege iliyomchelewesha. Aandike kwa wino, si kwa penseli. Madaftari yafikishwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tutakwenda nayo mezani.