Manete zinazotoka: ni faida ao ni matata?



Tangu mwanzo wa trimestri hii mabishano ni mingi ku internati juu ya mashini ndogo ya michezo, ile ya kampuni Nintendo ya Japani inayoitwa Switch. Wamoja wanasema ni mashini ya akili, sababu manete zake zinatoka. Wengine wanajibu kwamba kitu kinachotoka ni kitu kinachopotea, heri vyote vifungwe pamoja sawa telefone. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumesikia pande zote mbili, na leo tunapenda kutoa mawazo yetu wazi.

Kwa wale wasioifahamu bado, tuanze na maelezo. Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017. Katikati kuna kioo, na nyuma ya kioo kile ndimo mnakaa akili yote ya mashini. Ku upande wa kushoto na upande wa kuume kuna manete mbili ndogo zinazoitwa Joy-Con. Kila moja inaingia ku reli ya pembeni ya kioo. Ukitaka kuitoa, unafinya butoni ndogo ya nyuma, kisha unaivuta kwenda juu. Ya kushoto ina uzito wa karibu grama 49, ya kuume karibu grama 52. Kila moja iko na batri yake inayoweza kudumu karibu saa 20, na inaongea na mashini bila waya. Kioo na manete pamoja havifiki hata nusu kilo.

Sasa, faida ni gani?

Faida ya kwanza kila mutu anaiona mara moja: watu wawili wanacheza. Ukigeuza Joy-Con moja na kuilalisha, inakuwa manete kamili ya mutu mmoja. Iko na kijiti chake, butoni ine za juu, na butoni zingine mbili zilizofichwa upande ule wa reli. Basi anayenunua mashini moja amekwisha kununua manete mbili. Tulinganishe na ndugu yake mdogo, Switch Lite, iliyotoka tarehe 20 Septemba 2019. Bei yake ku Marekani ilikuwa dola 199.99, wakati ile kubwa ilianza na dola 299.99. Ndiyo, dola 100 zimepungua, na hizo si pesa kidogo. Lakini manete za Lite zimeshikamana na kioo kwa siku zote, na mashini yenyewe haiungwi ku televizio. Mwenzako akitaka kucheza pamoja nawe, atangojea zamu yake, ao utanunua manete nyingine pembeni. Mahali ambapo macho makumi matatu yanatazama kitu kimoja, hiyo si faida ya kuchekelea.

Tuseme kweli vilevile: nusu ile ni ndogo. Kijana wa mikono mikubwa akicheza nayo saa moja, vidole vinaanza kuuma. Tena iko michezo inayodai vijiti viwili, na hiyo haiwezekani na Joy-Con moja. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba manete moja ni sawa na mbili wanapita kiasi.

Faida ya pili watu hawaisemi sana. Manete zikiwa zimetoka, mikono miwili inaachana. Mukono mmoja unaweza kukaa huku juu ya goti, mwingine kule juu ya kitanda. Mutu mwenye bega la ugonjwa, ao anayelala kitandani, hawezi kushika mashini nzima mbele ya macho yake kwa muda mrefu, lakini grama 50 anaweza. Na tangu Aprili 2020 mashini yenyewe inaruhusu kubadilisha kazi ya butoni, kusudi mutu azipange kufuatana na vidole anavyoweza kutumia.

Lakini faida ya tatu ndiyo kubwa kwetu, na ni juu yake tumeshika kalamu. Kila chombo kiko na sehemu inayokufa mbele ya zingine. Ku baiskeli ni mpira wa gurudumu. Ku radio ya zamani ilikuwa pile. Ku lampi ni utambi. Fundi mwenye busara anajua jambo hilo mbele hajaanza kutengeneza kitu, na sehemu ile anaiweka namna itakavyoweza kutoka peke yake. Hakuna mutu anayetupa baiskeli sababu mpira umepasuka.

Na ku mashini ya michezo, kitu gani kinakufa mbele? Kila mutu aliyepita mahali ambapo wanachezesha PlayStation kwa malipo anajua jibu. Ni manete. Ni yenyewe inayofinywa na kukamatwa na mikono ya jasho, na ni yenyewe inayopigwa chini wakati mutu ameshindwa parti.

Nintendo wenyewe walijifunza jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1983 walitoa ku Japani mashini iliyoitwa Famicom. Manete zake mbili zilikuwa na waya uliofungwa moja kwa moja ndani ya mashini, bila plagi. Manete ikiharibika, unapaswa kufungua mashini nzima. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, waliweka plagi, na tangu siku ile manete mbovu inachomolewa, nzima inachomekwa, muchezo unaendelea. Switch imefuata njia hiyohiyo, lakini ku mashini ya kushika mukononi, na hapo ndipo pana upya wake.

Ndugu wamoja watatujibu: "Mbona basi Joy-Con zimeleta kelele nyingi hivyo?" Ulizo hilo ni la haki, na hatutalikimbia.

Joy-Con za mwaka 2017 zilikuwa na ugonjwa ku vijiti vyao. Ndani ya kijiti mna vipande vinavyosuguana kila mara unapokisukuma. Kusugua kunaleta kuchakaa. Kiisha siku moja unaona mutu ndani ya muchezo anatembea mwenyewe, na wewe hukugusa kitu. Julai 2019 wanunuzi ku Marekani walianza mashitaka ku tribinali. Juni 2020 mukubwa wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba musamaha kwa matata waliyopata wanunuzi. Januari 2021 chama cha kutetea wanunuzi wa Ulaya, BEUC, kilipeleka mashitaka mbele ya wakubwa wa Umoja wa Ulaya, na mukononi mwake kulikuwa karibu malalamiko 25,000 ya watu. Mwaka 2023 Nintendo walikubali kwamba ndani ya inchi za Umoja ule watatengeneza vijiti hivyo bila malipo, hata kama wakati wa garanti umekwisha kupita.

Je, habari hiyo inaonyesha kwamba manete zinazotoka ni kitu kibaya? Sisi tunaona kinyume. Kijiti cha Switch kikiugua, unapeleka manete ku fundi, na kioo kinabaki nyumbani pamoja na michezo yako. Unaazima manete ya mwenzako na unaendelea. Kijiti cha Switch Lite kikiugua, mashini nzima inakwenda hospitali. Ugonjwa ni ule ule, lakini huku umekatwa kidole, kule umelazwa mwili mzima.

Hata hivyo hatutawasifu watengenezaji kupita kipimo. Walirahisisha kutoa manete, lakini walifanya vigumu kuifungua. Nyuma ya kila Joy-Con kuna visi ine zenye alama ya miguu mitatu, na turnevisi ya kawaida ya fundi wa hapa haiingii. Basi watu wengi walinunua manete mpya tu, na mbili pamoja zilikuwa dola 79.99 ku Marekani, zaidi ya robo ya bei ya mashini yote. Tena zile mpya zilikuwa na vijiti vya namna ileile. Kubadilisha kitu kibovu na kingine chenye ugonjwa wake si kutengeneza. Ni kusogeza shida mbele.

Kwa hiyo tunasema: kutoka peke yake hakutoshi. Kwanza kitu kitoke. Pili, kikiisha kutoka, kifunguliwe. Tatu, kile kinachowekwa mahali pake kiwe chema kuliko cha kwanza. Iko mifano. Mashini ya Steam Deck ya kampuni Valve, iliyotoka mwaka 2022, manete zake hazitoki hata kidogo, lakini kampuni ilikubali vipande vyake viuzwe, na kijiti kinabadilishwa na mutu yeyote mwenye turnevisi na uvumilivu. Legion Go ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2023, manete zake zinatoka, na vijiti vyake vinapima kwa nguvu ya sumaku, bila vipande vya kupimia kusuguana. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 na bei ya dola 449.99, imeacha reli, manete zinashikwa na sumaku, na kuzitoa kumekuwa rahisi zaidi. Lakini vijiti vyake, kampuni yenyewe ilisema mwaka ule, si vya ile namna ya kupima kwa sumaku. Walitengeneza mlango, mgonjwa wakamwacha ndani ya nyumba.

Tujibu sasa wale wa kupotea na kulegea. Ni kweli, reli inalegea kidogo kidogo, na nyuma ya miaka unasikia manete inatikisika mukononi. Ni kweli tena, manete iliyotoka haipati umeme mpaka irudishwe ku kioo, ao iwekwe ndani ya chombo kingine cha kununua. Kwetu, ambako umeme unakatika bila kuaga, ni neno la kuwaza. Lakini saa 20 si saa mbili. Na kitu kinachopotea, kinapotea kwa sababu ya mwenyewe. Kalamu nazo zinatoka mfukoni na kupotea kila siku, na hakuna mwanafunzi aliyeomba kalamu yake ishonwe ku shati.

Mutu atauliza: habari hizi za mashini ya Japani zinatuhusu nini sisi wa Congo? Zinatuhusu sana. Manete hizo zina batri za lithium-ion, na batri nyingi za namna hiyo zinatengenezwa na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu, kule Kolwezi na pande zingine za Lualaba na Haut-Katanga. Kila mara chombo kizima kinapotupwa kwa sababu ya kijiti kidogo kama ukucha, kinatupwa pamoja na batri yake nzima, na jasho la ndugu zetu waliochimba. Kesho wataambiwa wachimbe tena. Umoja wa Ulaya umekwisha kuona jambo hilo: sheria yao ya mwaka 2023 inaagiza kwamba, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, batri za vyombo vya kubeba ziwe za kutolewa na mwenyewe kwa urahisi, ijapokuwa vyombo vingine vinaachiliwa. Sisi tunaotoa madini tungepaswa kuwa wa kwanza kuitaka sheria kama hiyo, lakini tunakubali kununua vitu vilivyofungwa kwa gundi, vinavyofika ku masoko yetu vimekwisha kuzeeka.

Basi, ndugu wanafunzi, hatusemi kwamba kila mutu akimbie kununua Switch. Wazazi wetu wanalipa minerval kwa shida, na muchezo unakuja nyuma ya masomo. Tunasema tu: siku utakaponunua chombo chochote, kiwe telefone, redio, lampi ya jua ao mashini ya michezo, usiulize bei tu. Uliza vilevile: sehemu gani itakufa mbele? Inatoka? Fundi wa mtaa wetu anaweza kuifungua? Muuzaji akikosa jibu, rudisha pesa mfukoni na uende duka la pili.

Hayo ndiyo mawazo yetu. Mwenye kuona namna nyingine aandike, atie karatasi yake ndani ya sanduku la gazeti, nasi tutaitangaza ku namba inayokuja bila kuikata.